Watoto Waliowapoteza Wajerumani

Basi la kutoka Mbeya lilikuwa limeshapita Mafinga. Yusta alikuwa anaenda Iringa kumzika shangazi yake, lakini masikio hayajui msiba, akasikiliza ya kiti cha mbele. Mwalimu kijana alikuwa anamsimulia mzee wa pembeni yake kitabu alichowasomea wanafunzi: watoto wawili wa Kihehe wanawapoteza askari wa Kijerumani porini, na kijiji kizima kinapona.

"Babu, somo la historia walikuwa wanalala. Sasa wananiuliza maswali mpaka kengele inalia."

"Mjukuu wangu naye kakisoma," mzee akasema. "Nikamwambia bibi yangu alikuwa na dada wawili, Wajerumani wakawachomea ndani ya nyumba. Akacheka. Eti, kwa nini hawakukimbilia porini kama wale wa kitabuni?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Lakini ameuliza, babu. Zamani alikuwa anauliza?"

Konda akaita Ipogolo, basi likasimama, mzee akainuka taratibu.

"Walikuwa wanaitwa nani, hao dada?" mwalimu akamuuliza.

"Sijui, mwanangu," mzee akasema akiwa mlangoni. "Bibi alikuwepo, na mimi sikuuliza."