Mablanketi Manne ya Papa Gustave

Gustave Mushagalusa, ambaye mtaa mzima wa Turffontein ulimwita Papa Gustave, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Walungu, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Lambert, fundi seremala.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Walungu, akaanza sekondari Bukavu, lakini mwaka 1974 baba yake alifariki na masomo yakakatika. Akajifunza ushonaji katika soko la Kadutu, mjini humo. Mwalimu wake alimchapa kwa rula kila alipokata kitambaa bila kupima mara mbili, na hadi uzeeni Papa Gustave alipima kila kitu mara mbili, hata mchele wa kupika.

Tarehe 21 Agosti 1982 alifunga ndoa na Marthe Nsimire. Walijaliwa watoto watatu. Wawili walitangulia wakiwa wadogo, akabaki Jocelyne. Julai 2006 mume na mke walipanga foleni tangu alfajiri wakapiga kura, na kwa Papa Gustave ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kabla ya siku hiyo alijaza nyumba unga, mafuta na madumu ya maji, kwa sababu watu wa Bukavu waliijua siasa kwa mlio wa risasi.

Mwaka 2008 familia ilifika Johannesburg kama wakimbizi. Papa Gustave alifungua chumba cha ushonaji hapa Turffontein, akagawana kodi na Mama Gaudensi, msusi kutoka Tanzania. Mazoea ya Bukavu hakuyaacha. Siku ya uchaguzi wa hapa, Mei 2024, alifunga mlango na kujaza maji kila sufuria. Mama Gaudensi alimcheka: “Baba Jocelyne, leo sikukuu! Wenzio wanachoma nyama, wewe unajificha?” Hakufungua.

Jocelyne aliolewa na Alexis, akamfuata Winnipeg, Kanada, mwaka 2012. Mama Marthe alifariki Juni 2017. Tangu hapo Papa Gustave alikula peke yake, na tusifiche, upweke ulimtafuna. Karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kusafiri. Jocelyne naye kila mwaka aliahidi kuja, na kila mwaka maisha ya huko yalipanda bei. Simu ya Jumapili ikawa fupi: uko salama, niko salama, basi.

Siku moja aliuliza, kwa kukosa la kusema, siasa ya huko ikoje. Jocelyne akaongea nusu saa! Papa Gustave alikuwa ameupata ufunguo. Akaanza kusikiliza redio ya Kifaransa ya Kanada kwenye simu huku akishona, ili Jumapili awe na swali. Alijua kodi za nyumba za Winnipeg na miezi ambayo mtu husubiri kumwona daktari bingwa. Alijua habari za bibi jirani ya Jocelyne, mzaliwa wa huko, aliyesema vyama vyote vimemchosha na kura atapiga vilevile. Mwaka 2025 maneno ya nchi jirani kubwa ya kusini, kwamba Kanada iwe jimbo lake, yaliwaudhi Wakanada, na bibi huyo akatundika bendera dirishani kwa mara ya kwanza maishani, huku akiona haya kidogo. Uani kwake kilisimama kibao cha chama kimoja, na kwa jirani wa pili kibao cha chama kingine, na bado wawili hao walitumia koleo moja la theluji.

“Na habajachomeana nyumba?” aliuliza Papa Gustave kwa Kiswahili cha Bukavu.

“Hapana, Papa. Banapiga kura, kisha banarudia ku kazi.”

Hakuamini. Wiki moja kabla ya kura ya tarehe 28 Aprili alimwambia binti yake: “Mama, weka bunga mu nyumba. Weka na mayi. Batoto basitoke inje siku tatu.” Jocelyne alicheka hadi akalia, akaahidi. Matokeo yalipotoka, chama cha Jocelyne kilikuwa kimeshindwa pale mtaani, na bibi wa jirani akamletea keki. Papa Gustave akauliza kwenye simu keki ilikuwa ya nini.

Mwezi Juni shinikizo la damu lilimzidi na figo zikadhoofika. Alilazwa hospitali ya serikali kusini mwa jiji, akafariki Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri. Hakukuwa na mtu kando yake, na hilo linatuuma.

Jocelyne alifika Jumatano hii, baada ya miaka kumi na mitatu. Chini ya kitanda cha baba yake alikuta mifuko mitatu ya unga, madumu sita ya maji, na mablanketi manne mapya, mawili madogo, kila moja limeshonwa pindo kwa mkono wake. Mama Gaudensi alisema yamekaa pale tangu Aprili. Alikuwa amemuuliza mzee ni ya nini, naye akamjibu: “Mambo ikiharibika kule Kanada, mtoto wangu atakimbilia wapi?”

Ameacha binti yake Jocelyne, mkwe wake Alexis, na wajukuu Arlène na Elisée, ambao hakuwahi kuwashika. Waombolezaji mtakula leo ugali wa unga wake. Usiku huu wa baridi Jocelyne atalala tena chini ya blanketi lake kati ya hayo manne, na yale matatu atawapelekea Alexis na watoto Winnipeg.

Papa Gustave, mtoto amefika. Lala sasa kwa amani.