Mbwa Waliofungwa Kambi ya Kiptolio

Mgeni wetu rasmi, Bwana Daktari wa Mifugo wa Wilaya; Bwana Meneja wa shamba; wazee, akina mama na wafanyakazi wenzetu,

Sisi wakaaji wa kambi ya shamba la Kiptolio, upande wa Elmenteita, tunakupokea kwa heshima leo, tarehe 14 Juni 1958, unapotufungulia josho jipya la kuogeshea ng'ombe. Tumemchagua Micah, karani wa maziwa, atusomee maneno yetu.

KAMBI YETU

Tuko familia arobaini na mbili. Nyumba zetu zimegusana, na karibu kila mlango una mbwa, kwa sababu fisi hufuata mbuzi wetu. Zamani mbwa hao walizurura watakavyo na kupigana bombani, na watu wakanuniana kwa ajili yao.

TULIYOYATENGENEZA

Tangu Januari tuna sheria yetu wenyewe. Mchana kila mbwa hufungwa kamba, na anayempitisha njiani humshika kwa mkono wake. Waliochelewa kuikubali ni Ogola, fundi wa trekta, na jirani yake Kipketer, mkamaji. Mbwa wao walichukiana, na mwishowe wenyewe pia waliacha kusalimiana.

YALIYOTUPATA

Asubuhi ya tarehe 22 Mei mbwa hao wawili walikata kamba wakapigana bombani. Wamuyu, mke wa Waithaka aliye mpishi wa nyumba kubwa ya Bwana Meneja, alikuwa akiteka maji. Aliangushwa, akaumwa mkono. Ogola alisema ni mbwa wa Kipketer, Kipketer akasema ni wa Ogola. Wamuyu alipoulizwa, alinyamaza.

Zahanati ilimwanzishia sindano za kichaa cha mbwa, na mbwa wote wawili wakaamriwa wafungwe siku kumi waangaliwe. Siku ya nne mbwa wa Kipketer alikata kamba tena, na nyapara akampiga risasi. Kichwa kilipelekwa Nakuru kupimwa. Majibu yalikuja kwamba alikuwa mzima. Mbwa wa Ogola naye alimaliza siku zake bila dalili yoyote. Basi sindano za Wamuyu zikasimamishwa, na sote tukashukuru.

Jumapili iliyopita Ogola alikwenda mlangoni kwa Kipketer, akampa mkono, wakaenda pamoja kumwomba Wamuyu msamaha. Alilia, kisha akawaambia, "Msiniombe msamaha. Mbwa aliyeniuma alikuwa na ukanda wa ngozi shingoni."

Bwana Daktari, sisi huwafunga mbwa wetu kwa kamba ya katani. Kambini hakuna mbwa mwenye ukanda. Wamuyu anasema palikuwa na mbwa wa tatu, mwekundu, aliyefuata kelele kwa njia ya kutoka nyumba kubwa. Hakusema mapema kwa kuogopea kazi ya mumewe. Waithaka ndiye aliyekuwa akimlisha mbwa huyo, na tangu mwisho wa Mei hajamwona. Alipouliza, aliambiwa kwamba amepelekwa Naivasha, na asiulize tena.

Jumatatu Wamuyu alirudi zahanati. Aliambiwa kwamba bila barua ya Daktari wa Mifugo hakuna sindano.

Hatumshtaki mtu. Jana tulimwuliza Waithaka kama tuliache fungu hili. Akasema, "Someni tu. Kazi nitatafuta pengine."

MAOMBI

Tunaomba uandike barua hiyo leo, kabla hujaondoka. Tunaomba Wamuyu asafiri nawe katika gari lako hadi Nakuru, akachomwe sindano. Amekwisha kujitayarisha, ndiye yule mama aliyesimama karibu na lango la josho, mkono umefungwa kitambaa.

Tunaomba pia mbwa yule atafutwe, ijulikane kama yu hai, na kama amekufa, alikufaje.

Na sheria ya kufunga mbwa iwe moja, hapa kambini na kule juu kwa Bwana Meneja.

Tulikuwa tumeandika pia habari za minyororo na chanjo ya mbwa wetu. Hayo yanaweza kungoja. Haya mengine siku zake zinahesabika.

Mungu akulinde njiani, pamoja na yule utakayemchukua.

Ni sisi,
Wakaaji wa Kambi ya Kiptolio