Mwalimu Ngosa na Nyota Iliyokataa Kuzimika

Ba ndugu waombolezaji, na ninyi majirani wa Hewa Bora, familia imenituma miye Paulin, mdogo wa marehemu, niwasomee njia aliyopita kaka yetu mkubwa, yaya Ruphin.

Mwalimu Ruphin Ngosa alizaliwa Lukafu, tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa tatu wa Baba Mumba, mkulima, na Mama Mapalo, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari na fizikia hapa Lubumbashi, akafundisha toka 1987 hadi alipostaafu mwaka 2021, nanyi wanafunzi wake mnajua chaki yake iliwapiga wangapi waliosinzia. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Dorine Mujinga, muuzaji wa vitambaa, wakajaliwa Dan na Christiane.

Kazi ya moyo wake ilikuwa kuvizia vile vitu vidogo vyeusi vinavyozunguka jua mbali sana, ambavyo darubini yake haikuweza kuviona, ila kimoja kikipita mbele ya nyota, nyota inazimika kidogo, kwa yule tu aliye ndani ya kivuli cha kitu kile. Alivizia miaka mingi pamoja na wenzake wa nchi nyingine, na kila mara, jamani, yakaja mawingu, au moshi, au kivuli kikapita kwingine, hata siku moja hakuona nyota ikizimika.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, na kivuli kingine kikatazamiwa kupita Lukafu tarehe 19 Juni 2025. Dan alitafuta gari, daktari akakubali, sote tukajua ni nafasi yake ya mwisho, lakini kazi ile inataka pia mtu wa kukaa pembeni, pale nyota isipozimika, ili ijulikane kitu kile kinaishia wapi. Basi yaya akampa Christiane gari na darubini kubwa, yeye akabaki hapa uani na ile ndogo. Mama Dorine alikasirika kabisa, yaya akamjibu, "Mutoto akikosa ataumia, lakini miye nilisha kuzoea."

Lukafu nyota ilizimika, hapa ikakataa. Mlikuja kumpa pole, akawacheka, kwani wenzake walikwisha kumshukuru kwa simu, bila yeye wasingejua ukingo wa kitu kile. Lakini tusidanganyane, aliitamani sana.

Tarehe 2 Septemba alilazwa, na tarehe 11, asubuhi, akaaga dunia, Christiane akimsimulia tena jinsi nyota ilivyozimika, naye amefumba macho ili aione.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na ninyi majirani mliomzimia taa zenu, hata wewe Mama Kapya uliyenung'unika.

Lala muzuri kwa amani, yaya, Mungu akupe kuona.