Rosebellah Nasambu Khaemba, Aliyemwekea Mwenzake Mikono

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025, ni Rosebellah Nasambu Khaemba. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1985 hapa Kamukuywa, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Onesmus Khaemba na marehemu Mama Peris Nanjala.

Alisoma shule ya msingi papa hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003. Akiwa na miaka kumi na miwili alimkatiza mwalimu wa Shule ya Jumapili katikati ya somo la Pasaka: "Mwalimu, kama Maria Magdalena ndiye aliyetumwa kuwapasha mitume habari, mbona hakuachwa aendelee kuhubiri?" Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka. Rosebellah hakucheka. Alitaka kujua.

Mwaka 2008 alibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hapa huliita la Wamormoni. Alipenda kufundishwa kwamba kila mtu anaweza kumwuliza Mungu mwenyewe na kujibiwa. Huko ndiko alikokutana na Gilbert Wafula. Walioana tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa Carol na Hillary. Kwa miaka minne aliwaongoza kina mama wa tawi letu la kanisa, na hakuna mgonjwa aliyekosa uji wake.

Februari 2019, maisha yalipobana, alienda Riyadh kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Suwaidi. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikaa na pasipoti yake. Alilala chumba kimoja, kando ya chumba cha kufulia, na Mourine, binti wa Kakamega wa kanisa lake, aliyekuwa na miaka ishirini na minne. Ijumaa walisoma maandiko kwa sauti ya chini.

Alasiri ya tarehe 16 Juni 2021, Mourine alikuwa na homa kwa siku ya tano. Madam wa nyumba hiyo alikataa kumpeleka hospitali. "Anajifanya. Halas, basi, kesho atafanya kazi." Mourine akamwomba Rosebellah amwekee mikono kichwani na kumbariki, jambo ambalo kanisani mwao hufanywa na wanaume wenye ukuhani.

"Mimi sina ukuhani, Mourine."

"Najua, dada. Lakini nani mwingine yuko hapa?"

Alimwekea mikono. Baadaye alisimulia kwamba maneno yalimtoka bila kuyatafuta, na kwamba alihisi chumbani mna mama mwingine, aliyewajua wote wawili kwa majina. Mourine alilala akiwa ametulia. Siku ya tatu alifariki.

Kifo hicho kilimvunja Rosebellah. Alimpigia simu rais wa tawi letu, kiongozi wa kanisa hapa, akamweleza yote. Alijibiwa kwa upole kwamba Mungu husikia ombi la imani, ila baraka ile haikuwa yake kuitoa. Mumewe hakuwa mpole. "Umejifanya mwanamume, na sasa mtoto wa watu amekufa," alimwambia, kisha hakuongea naye miezi minne. Gilbert mwenyewe ameomba maneno hayo yasomwe leo kama alivyoyasema.

Mwaka 2022 alihamia Jeddah kwa kafili mwingine, akafanya usafi katika saluni ya wanawake na kupanga chumba Al-Mahjar pamoja na Rita wa Vihiga. Ijumaa walikutana kwa simu na dada wengine wa kanisa walioko Ghuba. Waliulizana mambo ambayo hawakuthubutu kuyauliza nyumbani: kwa nini Mama wa Mbinguni, ambaye kanisa lao linakiri yupo, hatajwi sana, kwa nini wanawake wabebe kazi wasibebe mamlaka. Baadhi yao waliliacha kanisa. Rosebellah alibaki, lakini hakukubali kusema kwamba alichohisi siku ile kilikuwa uongo. "Nikikana hicho, Rita, sitabaki na ushuhuda wa kitu chochote." Hata hivyo swali moja lilimtafuna hadi mwisho: mikono ingekuwa ya mwanamume, Mourine angepona?

Novemba 2024 aligundua uvimbe kwenye titi. Ikama yake, kibali cha kuishi huko, ilikuwa imekwisha na kafili hakuihuisha, hivyo akaogopa kwenda hospitali asije akakamatwa. Alipofikishwa huko Februari, kansa ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, Rita akiwa kando yake. Mwili ulisubiri makaratasi zaidi ya wiki tano. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulikuwa kwa Carol: "Mwanangu, mama hana uhakika na mambo mengi. Ila nilipoomba sikuwa peke yangu. Hilo nalijua."

Ameacha mume, Gilbert; watoto, Carol na Hillary; baba, Mzee Onesmus; na ndugu watano. Wazazi wa Mourine wamesafiri kutoka Kakamega na wameketi nasi, safu ya familia.

Kuliweka kaburi wakfu kungekuwa kazi ya Gilbert, mwenye ukuhani. Juzi alimwambia rais wa tawi kwamba hatasimama kuliombea; anataka binti yao wa miaka kumi na minne aombe kwa maneno yake mwenyewe. Rais amekubali.

Carol, sogea karibu. Mama yako apumzike kwa amani.