Mkono wa Kuchambulia Kahawa

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba niongee kwa upole. Nitajaribu, ila sikumwahidi.

Mimi ni msaidizi wa fiziotherapia hapa Mbinga. Mtaalamu akishampima mgonjwa na kuandika mazoezi, mimi ndiye ninayeyafanya naye. Wengi mnaniita mkandaji. Sawa, nimezoea.

Nilikabidhiwa mama mmoja wa kule kata ya Ruanda, nikawa namfuata nyumbani kwake. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Wake za wanawe walimlisha, walimvisha, hata nzi walimfukuzia. Kwao hiyo ndiyo heshima. Ndugu zangu, nawaambia, heshima ile ilikuwa inaumaliza mkono, na mimi naona.

Mpira wa mazoezi aliukataa, akasema ni wa watoto. Nikamuuliza alizoea kazi gani. "Kuchambua kahawa." Basi nikampakatisha ungo, atoe punje mbovu kwa mkono ule mgonjwa. Alitokwa jasho. Alitoa tatu.

Kosa langu nalikubali: wenye nyumba sikuwaeleza. Mke wa mwanawe mmoja alirudi kutoka shambani akaona mama mkwe anatumikishwa, akaenda kunishitaki kliniki. Kesho yake nikaitwa. "Wewe ni msaidizi tu," mkubwa mmoja wa kazini akaniambia, "nani kakutuma umfanyishe mgonjwa kazi?" Jibu hakulisubiri. Nikahamishiwa masjala kupanga mafaili. Iliniuma, na bado inaniuma. Nililia chooni kazini. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Barua iko mkobani, yule mama akaletwa kliniki. Akaniona dirishani, akasimama hapo hapo. Kanga ikamlegea. Mke wa mwanawe akataka kumfungia, mama akamzuia, akaifunga mwenyewe kwa mikono miwili. Alichukua muda.

"Mkienda shamba," akasema, "mimi nachambua kahawa stoo."

Yule mke wa mwanawe alikaa chini akalia. Kisha yeye huyo huyo aliyenishitaki akaingia ofisini mwenyewe kuomba nirudishwe. Namshukuru, na mtaalamu wangu aliyethibitisha kuwa zoezi lilikuwa sahihi. Yule mkubwa hajaniomba radhi mpaka leo.

Nyumbani kwenu mwacheni mgonjwa ajifungie kifungo chake, hata kikimchukua asubuhi nzima. Nasi tunaowafanyisha mazoezi, tuwaeleze ndugu kabla ya kuanza.

Yule mama yumo humu, simtaji. Mlangoni amenisalimia kwa mkono ule ule. Ameubana wangu mpaka nimemwomba aniachie.