Upande wa Pili wa Zulia

Ndugu waombolezaji, majirani wa Katamoni na wenzetu wa sinagogi, mimi ni Makhlufu Asulin, mdogo wa marehemu kwa tumbo moja, familia imenituma nisome historia hii ingawa shule yangu ni ndogo, na kabla sijaanza nakiri mbele ya mwili wa dada yangu kwamba nilimkosea, kwa maana asubuhi ya tarehe tisa ya mwezi wa Av wa kalenda yetu ya Kiyahudi, mwaka 1983, nilisimama sinagogini nikamsomea mwanawe Menahemu sala ya wafiwa, hali mama yake alikuwa nyuma ya pazia la wanawake akisikia, naye hakuwa amekubali kwamba amefiwa.

Marehemu Hnina binti Raheli alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 katika mji wa Sefrou, Morocco, akasoma miaka minne katika shule ya wasichana ya jumuiya yetu, akajua kusoma, kudarizi na Kifaransa cha kuombea samahani, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, kisha mama yetu akafariki akimwachia mambo mawili, mimi nikiwa na miaka mitano, na zulia jekundu la sufu, zito kama ng'ombe aliyelala.

Tarehe 14 Novemba 1951 aliolewa na marehemu Masudi Ohayon, mchonga mawe, mtu wa maneno machache, na mwezi Juni 1952 tulishuka bandarini Haifa, sisi watatu na zulia, tukaletwa hapa Yerusalemu, tukapewa kibanda cha mabati kambini Talpioti, na humo, tarehe 21 Julai 1953, siku ya tisa ya Av, watu wote wakiwa wamefunga na kukaa chini wakililia Hekalu lililoungua, Hnina akajifungua mtoto wa kiume. Akaitwa Menahemu, yaani Mfariji, kama wanavyoitwa wavulana wengi wa siku hiyo, maana wazee wetu walisema Masiya naye atazaliwa siku ileile ya msiba, na jina lake litakuwa hilo. Nakumbuka Bi Ito, jirani wa kibanda cha pili, alichungulia akasema, "Mama Menahemu, hongera, umetuzalia Masiya, sasa mwambie aanze na bomba la maji, siku ya tatu leo halitoi hata tone," na dada yangu, kitandani, midomo imekauka, akamjibu, "Mwache kwanza anyonye, shoga, ulimwengu utaokolewa kesho." Tulicheka siku ambayo si halali kucheka, Mungu atusamehe.

Mtoto wa pili, Solika, ambaye yuko mbele yenu hapa, alizaliwa tarehe 12 Mei 1956, mwaka uliofuata tukahamia Katamoni, na tarehe 5 Februari 1968 Masudi akaangukiwa na jiwe kazini akafariki, ndipo Hnina akaingia kazi ya usafi katika shule moja ya msingi, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 1994. Alikuwa akisema kwamba kufagia kwa mshahara ni kazi tu, lakini kufagia tarehe tisa ya Av ni kumtandikia mgeni, kwa kuwa kina mama wetu wa Sefrou, ikipita adhuhuri ya siku hiyo, huinuka sakafuni wakafagia nyumba nzima, maana Masiya huenda amezaliwa saa hiyo na hataingia penye vumbi. Sisi wanaume tulibaki chini tukiinua miguu fagio lipite, kisha mimi nashika upande mmoja wa zulia, yeye upande wa pili, tunalitoa nje barazani na kulikung'uta mpaka Bi Ito, aliyehamia Katamoni pamoja nasi, anapiga kelele, "Nyie, Masiya wenu ananiingia puani!"

Tarehe 16 Oktoba 1973 Menahemu alipotea vitani, ng'ambo ya mfereji wa meli, hakuonekana yeye wala mwili wake, na baada ya muda alitangazwa kuwa ni mfu asiyejulikana kaburi lake. Dada yangu alikataa kukaa matanga, hakuchana nguo kama wafanyavyo wafiwa wetu, aliwaambia waliomletea mayai na dengu za msiba, "Rudisheni, jamani, humu hamna msiba, humu kuna mtu anasubiriwa," na tangu mwaka huo alipofagia tarehe tisa hatukujua tena anamfagilia nani, yule Mfariji wa Israeli wote au huyu wa kwake.

Mimi nilichoka kabla yake. Niliona kwamba mtoto ananyimwa sala, ikapita miaka kumi, nikasimama, nikasema maneno yale, watu wakaitikia amina, na tulipotoka nje alikuwa ananingoja mlangoni, akaniambia polepole, "Makhlufu, mwanangu leo anatimiza miaka thelathini. Ndiyo zawadi uliyomletea? Umewaitikisha watu amina juu ya kifo chake?" Nikasema, "Dada, na roho yake je?" Akasema, "Roho yake iko mwilini mwake. Ya kwako sijui iko wapi." Mchana ule alifagia peke yake, nilipoinama kushika zulia akasema, "Acha, mikono yako imetoka kuzika." Tulipatana baadaye, kwa chakula na kwa sikukuu, lakini zulia halikupelekwa tena barazani, kwa kuwa halikung'utwi na mtu mmoja, na yeye hakumwita mwingine, akawa analikunja pembe tu na kufagia panapofikika.

Mwezi Februari mwaka huu moyo wake ulianza kujaa maji, tarehe 12 Julai akalazwa, na Alhamisi iliyopita alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, Av umeingia, mwaka huu utafagia wewe." Nikamwambia, "Utapona, dada, utafagia mwenyewe." Akasema, "Uongo hujauweza tangu utoto," akageukia ukutani, na mimi sikusema ndiyo. Sina tena tumaini lile, nasali mara tatu kwa siku na ndani yangu ni kukavu, na huo ndio ukweli. Leo Jumapili, tarehe 26 Julai 2009, siku ya tano ya Av, saa moja asubuhi, alifariki, na kati ya wale aliowafagilia hakuna aliyekuja.

Nilimwomba Solika tushirikiane kazi ile, akanijibu, na ameniruhusu niyaseme, "Mjomba, mimi nilikuja kila wiki, miaka yote, nikiwa hai, na hakuna aliyenifagilia hata kizingiti." Sitamwomba tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wa shule aliyofanyia kazi, na majirani mliomletea mchuzi hata alipokataa kula. Dada Hnina, umelazwa hapa makaburini, Mlima wa Mapumziko kama watu wanavyopaita, basi pumzika kweli sasa, umengoja kutosha, na kama mwanao yuko huko ulikokwenda, mwambie mjomba anaomba radhi.

Nanyi mnaonisikia, Alhamisi hii ni tarehe tisa, mtatukuta nyumbani kwake tumekaa chini katika siku zetu saba za matanga, rabi ameniambia kufagia hakukatazwi kwa mfiwa, kwa hiyo baada ya adhuhuri nitainuka, fagio nitashika mwenyewe, lakini zulia sitaliweza, naomba mmoja wenu, yeyote, aje anishikie upande wa pili.