Bi Snezhana na Kompyuta Zilizokataa Kuamka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, fundi wetu wa kompyuta, Bi Snezhana Tabakova, anastaafu. Alipoingia ofisi hii ya ramani za mashamba hapa mjini Vratsa, kompyuta ilikuwa moja, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma isije ikapata mafua.

Wengi watamkumbuka kwa mbegu za alizeti alizozitafuna kutwa. Mimi namkumbuka kwa ule mwezi wa Machi kompyuta zilipogoma. Kila asubuhi tuliziwasha, zikabaki zinazungusha kiduara kwa dakika arobaini, huku foleni ya wakulima imefika barabarani. Mkurugenzi, Bwana Kaloferov, akaunda kamati ya watu wanane. Kamati ilikutana mara sita, ikala trei kumi na moja za banitsa, mikate ya matabaka yenye jibini, ikabaini kwamba mkosaji ni mtumishi wa dirisha la tatu, mwenye tabia ya kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya. Barua ya kumfukuza ikachapwa. Habari hii nina uhakika nayo, maana mtumishi huyo ni mimi.

Bi Snezhana aliomba siku mbili. Alijua kwamba kompyuta inapoamka huziita nyingine zilizo mbali ziifanyie vijikazi, kisha husubiri jibu. Akanasa kila mwito, saa ulipotoka na saa ulipojibiwa, akaichapa miito hiyo na kuipitia mstari kwa mstari kwa rula, kurasa mia nne. Yote ilijibiwa kufumba na kufumbua, isipokuwa mmoja: kila kompyuta iliiuliza mashine moja kuukuu majina ya watumishi, na mashine hiyo kimya.

Akaufuata waya wa mashine hiyo ukutani hadi ofisini kwa mkurugenzi. Nyuma ya pazia, mashine ilikuwa imechomolewa. Soketi yake imechukuliwa na tangi la samaki.

"Samaki nao wanahitaji joto, Bi Snezhana," alisema mkurugenzi.

"Na huyu mtoto wa watu mnayemfukuza, Bwana Mkurugenzi, yeye hahitaji?"

Barua ilichanwa. Ripoti ya mwisho ya kamati ililaumu hali ya hewa. Wanakamati walipewa vyeti vya pongezi. Bi Snezhana alipewa kazi ya kuwatafutia samaki soketi nyingine. Akaitafuta bila kinyongo. Alisema samaki hawakuwa wajumbe wa kamati.

Sasa anakwenda kijijini kwenye nyanya zake. Nafasi yake, kwa mujibu wa tangazo, itajazwa na kamati.

Asante, Bi Snezhana. Uishi kwa raha, uamke saa uitakayo. Ukituita, dirisha la tatu litaitika.

Desislav Parushev